Jina Langu kwenye Rejista ya Leba

Jumatatu, 9 Juni 2003

Zamu ya asubuhi leba. Watoto wawili wamezaliwa, wote wameangukia mikononi mwa wenzangu. Mimi nimeosha mipira ya vitanda na kupanga vifaa.

Kitabu changu cha vitendo kimebakiza nafasi moja. Kuzalisha ishirini, tayari. Kushona, tayari. Kutoa kwa mkono kondo la nyuma lililogoma zinatakiwa mbili, mimi ninayo moja tu, niliyosimamiwa na daktari mwezi wa tatu. Kitabu kisipojaa na kusainiwa, jina haliingii kwenye orodha ya mtihani wa mwisho. Vinakusanywa tarehe ishirini na saba.

Mama wa pili kondo lake limetoka lenyewe, safi kabisa. Nikanuna. Mtu mzima na akili zangu, nanuna kwa sababu mama wa watu kajifungua salama.

Alhamisi, 12 Juni

Barua kutoka Matambarale. Mama kaandikiwa na mtoto wa jirani, mwandiko kama njia ya siafu. Binti yangu Agatha ameng'oka meno mawili ya mbele. Anauliza wenzake kama kuna shule isiyokwisha.

Huu ni mwaka wa nne. Ilikuwa iwe mitatu, nikarudia wa pili kwa ajili ya somo la dawa. Kanuni ya chuo iko wazi, kurudia ni mara moja. Nikikwama sasa nimedisko, chuo ndiyo basi. Narudi zahanati kuwa mganga msaidizi, chini ya vijana niliowafundisha mwenyewe kupima presha. Utabibu nausikia redioni.

Sitaki. Naandika hapa nijue kwamba nilisema. Sitaki.

Jumanne, 17 Juni

Siku ya tano zamuni kwangu hakuna kondo lililogoma. Wanawake wa Nachingwea wameamua kujifungua vizuri makusudi.

Somoe, tunayelala naye chumba kimoja, ananicheka. Kitabu chake kilijaa Mei. Anasema nusu yake kachota. Kuchota ndiyo lugha yetu hapa chuoni. Unafungua rejista ya leba, unatafuta mgonjwa ambaye nafasi ya aliyemhudumia imeachwa wazi, unachukua namba yake, unajiandika wewe. Ijumaa Mama Chilumba, mkunga mkuu, anasaini vitabu vyote kwa mkupuo huku anakunywa chai. Hatazami.

"Konso, wewe peke yako ndiye unayezalisha kweli hapa," kasema Somoe. Nikamwambia mimi siwezi. Nimelala vibaya.

Ijumaa, 20 Juni

Nimechota.

Jumamosi iliyopita, tarehe kumi na nne. Mama wa uzao wa pili, kutoka Nandagala. Imeandikwa kwa wino wa bluu kwamba kondo limetolewa kwa mkono. Nafasi ya jina wazi. Kama imeachwa kwa ajili yangu. Nikaandika jina langu kwenye rejista, halafu nikanakili namba kitabuni, mstari wa mwisho. Kuna safu inauliza kondo limetoka lote au pungufu. Kwenye rejista haikujazwa. Nikaandika lote. Sikufikiri hata dakika moja, maana unaandika nini kingine?

Mama Chilumba alikuwa na andazi mkononi. Alipofika kwenye kile kitabu changu akasimama. Akanitazama, akatazama mstari. Kisha akasaini. Leo katazama, na sijui kwa nini leo.

Jumanne, 24 Juni

Wodi ya wanawake kuna kifo. Jana jioni. Mama aliyejifungua wiki moja na ushee, alirudishwa Alhamisi na homa kali, tumbo gumu, harufu. Nilipita na ndoo ya maji ya dawa wakati wanamfunga shuka.

Nikaona faili kitandani. Nikasoma namba.

Nikasoma tena. Ni yule. Wa Nandagala. Ijumaa nilipokuwa nachota namba yake alikuwa amelala kitanda cha sita, hatua arobaini kutoka ile meza. Rejista ya leba haisemi mtu aliyeruhusiwa amerudi. Inamwacha pale alipotoka, mzima.

Jumatano, 25 Juni

Nimekwenda leba kufuta. Rejista haipo. Nesi wa zamu anasema imechukuliwa na Mwalimu Haule, kuna kikao cha kifo cha mama mzazi.

Mwalimu Haule ndiye mkuu wetu wa mafunzo. Mtu wa Songea, mpole, anaongea taratibu utadhani anahesabu punje. Simwogopi mtu mkali. Huyu namwogopa.

Somoe kaniambia nitulie, watu wanakufa kila mwezi. Leo nimemchukia kidogo.

Ijumaa, 27 Juni

Vitabu vimekusanywa. Cha kila mmoja wetu kina jalada la kijani, arobaini na moja mezani. Nilitaka kuchana ukurasa. Kurasa zina namba.

Jumatatu, 30 Juni

Mwalimu Haule anarudisha vitabu. Anavilinganisha na rejista mstari kwa mstari, kwa rula. Leo kumi na mbili wamepewa vyao na tiki nyekundu. Somoe kapata tiki. Zile zake za kuchota zote zimepita, maana wagonjwa aliowachota yeye wako hai.

Changu bado.

Jumanne, 1 Julai

Ishirini wengine. Changu bado. Nilimwona kupitia dirishani, ameweka kitabu kimoja pembeni peke yake, kimefunguliwa, juu yake rula.

Nje kwenye benchi la wodi amekaa mwanamume na bibi mmoja. Bibi ana kichanga, anakinywesha maziwa kwa kijiko. Nesi kaniambia ndio wenye marehemu, wanasubiri kikao kiwaambie. Mtoto ni wa kike. Analia sauti nzito. Nimezunguka nyuma ya jiko nisipite mbele yao.

Jumatano, 2 Julai

Mama Chilumba kanikamata stoo ya shuka. Akafunga mlango.

Nimeandika vizuri nisije nikajidanganya baadaye. Ni yeye. Jumamosi ile alikuwa peke yake na akina mama watatu kwa mpigo. Kondo liligoma, akalitoa kwa haraka, mwingine anamwita. Akalitandaza kwenye beseni, akaona pembe moja haipo. Akasema nitamrudia. Hakumrudia. Jumapili asubuhi mwenzake akamruhusu mgonjwa. Ndiyo maana jina aliliacha wazi.

"Miaka ishirini na sita, mwanangu. Mmoja," akasema. Akalia bila sauti, akajifuta kwa aproni.

Halafu akakauka uso. Akasema mimi sikukutuma ujiandike. Umejiandika. Sasa sema ulitoa wewe, mimi nilisimamia, na lilitoka lote kama ulivyoandika. Mwanafunzi hafukuzwi kwa mgonjwa kupata homa nyumbani. Mwanafunzi anafukuzwa kwa kughushi.

Anasema kweli. Hilo ndilo baya. Nikisema uongo nahitimu. Nikisema kweli nimedisko, na yeye anakwenda na maji.

Alhamisi, 3 Julai

Sijala. Agatha na meno yake. Nimepiga hesabu ya kila njia na zote zinaishia palepale. Kesho saa nne kikao.

Namwogopa yule mtoto kuliko kikao.

Ijumaa, 4 Julai

Walikuwa watano mezani. Daktari wa zamu, matroni, Mama Chilumba, Mwalimu Haule, na karani wa kuandika. Dakika tano tu mimi.

Mwalimu Haule akanisogezea kitabu changu. Kidole chake kwenye lile neno. Akauliza taratibu, "Lilitoka lote?"

Mama Chilumba alikuwa anatazama dirishani.

Nikasema, "Lote."

Karani akaandika. Basi. Mlima wote ule, neno moja.

Uamuzi nimeusikia mchana. Kwa kuwa kondo lilitoka lote, ugonjwa ulianzia nyumbani, na mgonjwa alicheleweshwa kurudishwa hospitali. Ndugu waelimishwe juu ya usafi na dalili za hatari.

Kumbe neno langu halikukaa pale nilipoliweka. Lilitoka pale mezani likaenda kumkalia mtu mwingine. Mwalimu Haule akanipeleka kwenye benchi niwape pole. Mwanamume anaitwa Thadei, mkulima wa ufuta. Akaambiwa huyu ndiye aliyejitahidi kwa mkeo. Akasimama, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Bibi akauliza jina langu. Nikamtajia.

Kitabu nimerudishiwa. Kina tiki nyekundu.

Jumapili, 6 Julai

Misa. Sikupokea komunyo. Somoe kaniuliza kama naumwa.

Jumatatu, 25 Agosti

Mtihani wa mwisho, sehemu ya kwanza. Swali la tatu, damu kutoka baada ya kujifungua, taja sababu. Nimejaza ukurasa mzima na nusu. Kipande cha kondo kilichobaki nimekiandika cha kwanza. Nimeeleza na namna ya kukikagua. Nitapata alama zote, nina hakika.

Jumamosi, 22 Novemba

Nimehitimu. Joho la kuazima, linanuka naftalini. Mama kaja na Agatha kwa lori la korosho, wamechakaa kwa vumbi jekundu hadi kope. Agatha kapiga vigelegele mahali pasipo pake, watu wakacheka. Meno yameota.

Mama Chilumba alikuwepo safu ya pili. Kanipa khanga. Tulikumbatiana kama watu. Hakuna mtu atakayejua kamwe ila mimi na yeye, na sisi hatusemeshani.

Mama alilia. Anasema sasa shule imekwisha. Nikafurahi, kwa nini nikane. Nilifurahi kabisa mpaka walipoita jina langu kwa sauti.

Jumatano, 11 Februari 2004

Kituo cha afya, Ruangwa. Mwezi wa pili sasa kazini. Nina chumba, nina meza, wagonjwa wananiita daktari hata nikiwasahihisha. Agatha yuko darasa la kwanza hapa hapa.

Manesi wananitania. Kila kondo nalitandaza kwenye sinia, naligeuza, napitisha kidole ukingo mzima, nachukua dakika kumi. Wamenipa jina la Fundi Ramani. Leo kondo limegoma, nimelitoa kwa mkono. Ya pili maishani mwangu. Wao wanadhani ya tatu. Nilikagua mara tatu, nikamkatalia mama kuruhusiwa kwa siku tatu. Mumewe kakasirika kweli. Akasirike tu.

Jumanne, 16 Machi

Mvua tangu alfajiri. Kliniki ya watoto, foleni imejibana barazani.

Nilimjua bibi kabla hajafunua mtoto. Thadei alikuwa nyuma yake, amelowa, ameshika mwavuli uliovunjika. Nikaomba ardhi ipasuke, haikupasuka. Nikachukua kadi.

Jina la mtoto: Konsolata Thadei. Miezi tisa. Kilo saba na robo.

"Tumemwita wewe," bibi akasema. Kiswahili chake cha taabu, kimechanganyika na Kimwera, lakini hilo alilinyoosha. "Huyu somo wako. Wewe ulimshika mwanangu, mama yake huyu."

Nikamweka mtoto kwenye mizani. Akanishika kidole, kilekile kinachokagua. Hakulia.

Thadei akaanza kusema bila kuulizwa. Nadhani husema kwa kila mtu. Homa ilipanda Jumatano baada ya chakula cha jioni, mke akasema twende, yeye akasema tusubiri kupambazuke, barabara ya mchanga, baiskeli moja. Walitoka alfajiri. Anasema kama angetoka ule usiku. Anasema wakwe zake wamemsamehe, mzee wa kanisa kamwombea, lakini yeye mwenyewe hapana. "Ninyi mlijitahidi, daktari. Mimi ndiye nilimchelewesha."

Amekuja pia kumwandikisha mdogo wake wa kike, ana mimba ya miezi sita. Anataka azalie kwangu. Mwingine yeyote hamwamini.

Nikaandika uzito. Nikamwandikisha dada yake. Nikawaambia warudi mwezi ujao. Sauti yangu ilikuwa ya kawaida kabisa, nayo ndiyo imenitisha kuliko vyote.

Wametoka na mvua yao. Nimewahudumia wengine thelathini. Sikumbuki hata uso mmoja.

Jumatano, 17 Machi

Nimemwandikia Mama Chilumba barua fupi, ajue kabla. Nyingine kwa Mwalimu Haule, ndefu, yenye kila kitu. Zote nimezipeleka posta mwenyewe, nikasimama mpaka karani akagonga muhuri.

Agatha kauliza kwa nini nimepanga nguo za zahanati, zile za zamani. Nikamwambia nazianika tu. Kaniamini. Inaniuma, maana hata huyu sasa nimemdanganya.

Alhamisi, 18 Machi

Mvua imekatika. Leo gari la chanjo linakwenda Nandagala, nimeomba nafasi mbele na dereva. Kitabu cha vitendo nimekitoa sandukuni, nimekitia kwenye mkoba chini ya kadi. Nitamwonyesha Thadei mstari wa mwisho na lile neno. Nitamwambia hakuchelewa.

Dereva anapiga honi. Ngoja nivae viatu.