Kiti Kilichomjua Mzee

Jumatatu, mwezi wa tano, 2009. Kitale.

Mvua ilianza kabla hatujaamka na mpaka sasa haijachoka. Niko saiba hapa mjini, kwenye kompyuta ya kukodi, viatu vimelowa chapachapa, na sina hamu hata ya chai.

Blogu hii nimeijaza Simiyu mpaka dada yangu ananicheka. Ati kila ukurasa ni mume wangu hivi, mume wangu vile. Na leo pia nitasema: nampenda. Nampenda anavyokunja mikono ya shati akinioshea viatu, anavyoniachia ukoko wa ugali kwa sababu anajua naupenda, anavyoniita "roho yangu" mbele ya watu sokoni bila aibu. Bado mimi ni bibi harusi. Bado nikisikia hatua zake mlangoni moyo unaruka.

Lakini jana tulifanya jambo kule Bungoma kwa wakwe zangu, na tangu jana sina raha.

Ni habari ya gari.

Baba mkwe wangu, ambaye sote tunamwita Mzee, alitupa gari lake siku ya harusi. Alilinunua alipostaafu, likaja kutoka Japani, na mpaka leo linaongea Kijapani. Ukiliwasha, sauti ya msichana inasema maneno ambayo hakuna mtu wa ukoo huu anayeyajua. Wanasema Mzee alikuwa akimjibu kwa salamu ya kwetu, "Mulembe," ndipo anaondoka. Ugonjwa wa sukari ndio uliomtoa barabarani. Umemla macho polepole, na mwaka jana aligonga lango lake mwenyewe mchana kweupe. Tangu siku hiyo hajaendesha.

Gari hili huliingizii ufunguo. Ufunguo unakaa mfukoni tu. Ukishika mlango, gari linausikia na kufunguka. Funguo ziko mbili, na kila mmoja una mtu wake. Wa kwanza ulikuwa wa Mzee. Akishika mlango, kiti cha dereva kilirudi nyuma chenyewe, vioo vikageuka, usukani ukashuka, kila kitu kikakaa vile mwili wake ulivyozoea. Wa pili ndio aliotupa sisi, na Simiyu akauwekea vipimo vyake. Ule wa kwanza ulibaki kwenye koti la Mzee. Alisema ni wa akiba, kwamba sisi vijana tunapoteza vitu.

Sasa, Simiyu ni mrefu kama babake. Mimi ni mfupi. Ufunguo ni mmoja, kwa hiyo kila nikifungua mlango kiti kinarudi nyuma kumpokea Simiyu, nami nabaki miguu inaning'inia kama mtoto kanisani. Kuna vitufe vya kukisogeza, ndiyo. Si kazi kubwa. Ila kuna siku Simiyu anapata lifti ya kwenda kazini kule Moi's Bridge, anasahau ufunguo mfukoni, na mimi nabaki nikilitazama gari wakati wateja wananisubiri kwenye duka langu la ushonaji Kiminini.

Hizo ndizo sababu nilizompa Simiyu. Sababu ya kweli ni kwamba nilitaka gari linijue. Nilitaka nikishika mlango, kiti kije mbele kunipokea mimi. Nilitaka hivyo kama mtoto anavyotaka nguo ya Krismasi.

Simiyu akasema, "Basi tutamwomba Baba ule wake."

Katika nyumba yao mke wa mtoto hampi baba mkwe mkono, hali naye meza moja, wala hakalii kiti chake hata nyumba ikijaa wageni. Ni heshima, na mimi sikuona ugumu wake. Kwa hiyo jana baada ya chakula nilikuwa jikoni na Mama, mama mkwe wangu, mlango wazi, nikisikia kila neno la sebuleni.

"Baba, ule ufunguo mwingine tunauhitaji."

"Huo niliwapa mmeshapoteza?"

"Hapana. Ni Nafula. Hafiki kwa breki."

"Si akalie mto? Mama yako nilimfundisha akikalia vitabu vya nyimbo."

Mama alipiga sufuria kwa mwiko. "Muongo huyu! Ati alinifundisha! Alinifundisha kukaa kimya kando yake, bana."

Tulicheka wote, wa jikoni na wa sebuleni. Halafu nikasikia Mzee akipapasa koti lake.

"Haya," Mzee akasema. "Tutoke."

Mvua ilikuwa imepumzika kidogo. Simiyu alitangulia, na gari likamfungukia yeye. Mzee alikuja nyuma yake polepole, akishika ukuta, akafika mlangoni na kuushika. Akasubiri kiti kirudi alikokizoea. Kiti hakikusogea. Akaachilia, akashika tena.

"Mmeshanitoa?" aliuliza.

Simiyu alicheka. "Hapana, Baba. Funguo zote mbili ziko hapa. Gari hii inafuata ile imesikia kwanza. Ngoja niende mbali." Akalifunga, akaenda mpaka langoni na ufunguo wake mfukoni.

Mzee akashika mlango mara ya tatu. Taa zikapepesa, vioo vya pembeni vikakunjuka, na kiti kikaanza kurudi nyuma, polepole, kikinguruma kwa sauti ndogo. Akaingia. Akaweka mikono kwenye usukani. Hakuliwasha. Alikaa hivyo akitazama migomba ambayo sidhani anaiona.

Mama alikuwa kando yangu mlangoni mwa jikoni. Aliongea bila kunitazama. "Kila mkija, mkienda kusalimia majirani, anakaa hapo. Anafikiri simwoni."

Hapo ndipo nilipaswa kusema tuache. Neno lilifika kwenye ulimi. Lakini mke wa mtoto haongei mbele ya baba mkwe, sivyo? Heshima ile ile ikanipa mahali pa kujificha.

Na ufunguo niliutaka bado. Niandike hivyo, maana ndivyo ilivyokuwa.

Mzee alitoka, akauweka ufunguo juu ya boneti. "Mama Simiyu, mwambie msichana achukue." Akarudi ndani, na tukasikia redio ikipandishwa sauti.

Nilitaka kuingia ndani ya gari, Mama akanishika mkono. "Usikae kwanza. Kiti bado ni chake."

"Mama, hiki ni kiti cha gari tu," Simiyu akasema.

Nilisubiri. Simiyu akakisogeza mpaka mbele kabisa, ndipo nikakaa. Akainama juu yangu kurekebisha vioo, ananukia sabuni na mvua, akaniuliza hapa je, hapa je, kwa upole wake ule, na Mama alipogeuka akanibusu sikioni. Nilijiona malkia. Miguu ilifika. Kioo kilionyesha barabara yote.

Kisha akabonyeza kitufe namba moja cha kumbukumbu mlangoni pamoja na kile cha ufunguo wa Mzee, akavishikilia. Gari likalia mara moja.

Miaka yote ya mgongo wa Mzee ikaisha kwa mlio mmoja.

Wakati wa kuondoka Simiyu alifungua gari kupakia mizigo, kiti kikarudi nyuma kumpokea, akalifunga akaingia ndani kuaga; ndipo Mzee alipotoka. Alilizunguka gari kama desturi yake, akipapasa bodi, na alipofika upande wa dereva mkono ukashika mlango wenyewe tu, kwa mazoea. Mimi nilikuwa nyuma yake hatua chache, ufunguo ndani ya mkoba wangu. Gari likafunguka. Kiti kikasogea mbele, mbele kabisa, kikasimama kwenye kimo changu.

Mzee alitoa mkono haraka, kama mtu aliyefungua kwa bahati mbaya mlango wa chumba anacholala mkwewe.

"Pole, mwanangu," aliniambia.

Sikumbuki kama aliwahi kusema nami moja kwa moja kabla ya hapo.

Niliendesha mimi. Nilianza kulia kabla hatujafika Webuye. Simiyu akaweka mkono shingoni mwangu, akatabasamu. "Nilijua utafurahi."

Nimekaa na maneno hayo mpaka leo. Mtu ninayempenda kuliko wote alikuwa amesimama pale pale niliposimama, akatazama kilekile nilichotazama, na hakukiona. Ndiyo mara yangu ya kwanza kujisikia peke yangu tangu tuoane.

Tulipofika nyumbani nilimwambia turudishe vipimo vya Mzee. Akanitazama kama anayeulizwa swali la hesabu. "Tutarudisha aje? Hatukupima." Ni kweli. Gari linakumbuka watu wawili tu, na ukiweka mpya, wa zamani anaondoka bila kuulizwa. Ili arudi, Mzee lazima akae mwenyewe atuonyeshe mgongo wake unaishia wapi. Nami najua hatakaa. Zamani lilikuwa gari lake ambalo tuliazima. Sasa pale ni mahali pangu, na baba mkwe naye hakalii pa mke wa mtoto.

Asubuhi ya leo Mama alipiga simu. Alhamisi Mzee ana kliniki ya macho hapa Kitale, na tulikuwa tumepanga niwafuate. Mama akasema nisijisumbue, watakuja na pikapu ya jirani.

"Amekasirika, Mama?"

"Hana hasira. Amesema tu gari sasa ni ya Nafula."

Pikapu ya jirani, mvua hii, na macho yale.

Nimewaza tangu asubuhi. Ningempa nafasi yangu, lakini hatakaa palipokuwa pangu. Pa Simiyu anaweza. Baba hukalia kiti cha mwanawe bila neno. Kwa hiyo Alhamisi Simiyu aombe ruhusa kazini, aende Bungoma kuwachukua peke yake, na ufunguo wake. Mimi nitabaki Kitale na wangu, mbali kabisa, gari lisinisikie. Amwambie babake akae kwenye kiti cha dereva, asogeze kiti anavyotaka, kisha ashikilie kitufe namba mbili, kile cha Simiyu, mpaka gari lilie, na ule ufunguo auache ndani ya koti la Mzee, awalete kliniki, na jioni awarudishe kwa ufunguo wangu. Macho hayatarudi, najua. Hataendesha. Atakuwa na mahali pa kukaa tukienda kusalimia majirani, basi.

Maana yake Simiyu afutwe. Awe anakisogeza kiti kwa vitufe kila siku, aombe ufunguo kwangu kama nilivyokuwa nikiuomba kwake.

Nitamwambia leo akirudi. Na nimeamua sitamweleza sababu mara moja. Nitamwomba tu ampe babake nafasi yake, kisha ninyamaze nimtazame usoni.

Je, ataona mwenyewe?