Masika Aligusa Nguzo Akarudi

Afande Mbusa,

Huko uliko nadhani hakuna mlima, maana kama upo, malaika wote sasa hivi wanatapika njiani. Mimi Haji wako nipo, nimenenepa, na tangu tukuzike nyuma ya kanisa la Karambi nimekuwa mkubwa: msaidizi wa meneja wa timu ya taifa ya riadha. Usicheke. Walikuja kukutafuta wewe, kocha, wakakuta umekufa, wakamchukua mwenye lori.

Ngoja nikwambie habari za watu hawa. Kule Kampala walisikia neno Rwenzori tu, wakasema basi, tumepata kambi ya baridi, mapafu yataota nguvu kabla ya michezo. Wakaja Kasese mjini, mtaa wa Nyamwamba, wamevaa masweta. Kasese, Afande, ambako mbuzi wanagombania kivuli cha nguzo ya umeme. Meneja akashuka garini, jasho likamkamata kabla mguu wa pili haujagusa chini, akaniuliza, "Baridi inaanza saa ngapi?" Mimi nimeendesha lori mpaka Mombasa, nimelala Butembo, nimekula na watu wa kila kabila, lakini ujinga wenye kiyoyozi sijauona pengine. Nikamwambia, "Bosi, baridi iko, lakini inakaa juu." Nikawapandisha mlimani Karambi, kwenye njia yako ya mazoezi.

Masika ndiye tegemeo letu. Yule yule uliyemtoa soko la Mpondwe akiwabebea Wakongomani mafuta ya mawese, ukamwambia, "Wewe mutoto, hizi miguu si za mizigo." Na sheria yako bado anaifuata: anayefika wa kwanza aguse nguzo ya kengele ya kanisa, ageuke, ashuke kumchukua wa mwisho, na hakuna kunywa maji mpaka huyo wa mwisho afike. Meneja alipoiona alicheka mpaka sweta likapanda. Akasema hayo ni mambo ya watoto wa komunio.

Ikaja siku ya mchujo. Wasichana wawili wa kwanza ndio waende, wengine warudi kwao. Mstari wa mwisho meneja aliuweka ukishaipita nguzo, kule mbele kwenye mikaratusi, kwa sababu gari lake lilitaka kivuli. Aliwaonyesha wote. Masika pia aliona.

Akaja juu peke yake, wenzake hata kona hawajaimaliza. Akagusa nguzo. Akageuka. Nikapiga kelele, "Mbele, Masika, mbele!" Hakunisikia. Miguu ile ilikuwa inakutii wewe. Akashuka, akamshika mkono msichana wa mwisho, mtoto wa nchi tambarare aliyekuwa anahema kama baiskeli mbovu, wakapanda pamoja.

Meneja akafuta jina lake pale pale. "Hana nidhamu. Hajui hata mbio zinaishia wapi." Masika akaenda kukaa karibu na kaburi lako. Nilipomfuata akasema, "Haji, nilisahau Afande amekufa. Nilijua bado iko chini na wa mwisho, ananingoja."

Afande, nilimtania padri kwenye mazishi yako. Pale nilivua kofia, nikakaa kando yake.

Basi nikafanya ile hila ambayo watu wa forodha Mpondwe wananijua nayo. Nikatangulia kushuka, na kwenye ile kona nyembamba chini ya kanisa lori langu likafa, likalala njia nzima. Gari la meneja likabaki juu, na mwenye saa ya kupima mbio ndani yake.

"Toa lori."

"Limekufa, bosi. Wewe hodari wa kufuta, hebu fufua."

Akashuka mlima kwa miguu, na viatu vyake vya kung'aa. Watu wakaacha jembe kumtazama, mama mmoja akamuuliza kwa huruma kama amepotea. Mimi nilimtangulia kwa bodaboda, nikamngoja chini pamoja na wasichana, waliokwisha kushuka kwa miguu.

"Lori langu lina tabia," nikamwambia. "Likisikia mbio zinarudiwa, linapona."

"Unanitisha?"

"Mimi? Mimi niliishia darasa la sita tu, bosi."

Akatazama mlima, akatazama viatu, akakubali. Wasichana wakapumzika mpaka jua likalegea. Mimi nikapanda kwenda kusimama mbele ya nguzo, na tumbo hili ulilolitukana miaka yote likaifunika, hata mjusi asingeigusa. Masika akatokea mbele. Nikatoa sauti yako: "Pita! Hakuna kusimama kwa mlima!" Akapita analia, machozi hakuyafuta. Wa kwanza.

Akavuta pumzi. Akageuka, akashuka. Msichana wa nchi tambarare alishafika. Nyuma alibaki mtu mmoja tu, anapanda kulifuata gari lake, viatu mkononi, sweta kiunoni. Masika akamshika mkono meneja wa timu ya taifa, akampandisha polepole kama bibi harusi, na sisi wote tukawangoja, jerikeni ya maji imefungwa.

"Kunywa, bosi," nikamwambia. "Wewe ndiye tulikuwa tunakungoja."

Akanywa. Jina likarudi, na lori likapona. Lakini usidhani amepata akili. Jana ameniuliza kama huko wanakokwenda kuna baridi, apakie masweta.

Sasa lala, Afande. Mimi Mwislamu nimekuombea kwa namna yangu, na padri wako kwa namna yake. Siku Masika akirudi, na medali au na mikono mitupu, nitamleta hapo kaburini, na safari hiyo nitaupanda mlima kwa miguu yangu, kutoka chini kabisa. Nitakuwa wa mwisho, mbali sana nyuma. Waambie wasifungue maji mpaka nifike.

Haji wako