Msingi Ulikuwa wa Vyumba Viwili

Mzee,

Bado siamini. Asubuhi ile ulinituma sokoni Katito nikanunue misumari, ukaniambia, "Nyathina, mwanangu, usichelewe." Sikuchelewa. Nilirudi nikakukuta umelazwa kwenye rundo la mchanga, mafundi wamekuzunguka, wamevua kofia. Hakuna aliyeweza kuniambia kilichokuua. Mtu mwenye afya yake, amechanganya saruji tangu alfajiri, halafu basi?

Nakuandikia kwa sababu kuna jambo lililotokea baada ya kukuzika, na wewe ndiye ungelielewa.

Wiki haikuisha. Mwenyekiti wa kamati ya zahanati alikuja akasema, "Akinyi, kazi iendelee. Mzee alishanikubalia ghorofa." Nilidhani nimesikia vibaya. Ghorofa? Juu ya wodi ya wazazi ya vyumba viwili tuliyokuwa tukiijenga? Kabla sijajibu, nesi akadakia kwamba wewe ulimwahidi chumba cha kuogeshea watoto. Jioni katekista naye akaja kuulizia veranda kubwa ya kusalia. Kila mmoja na ahadi yake, na hakuna aliyejua ya mwenzake.

Nilijua walichosikia. Ulikuwa ukiwaambia, "Tutaona." Miaka sita nimefanya kazi chini yako, nilijua hiyo "tutaona" ni hapana ya mtu asiyependa kumvunja mwingine moyo. Wao walisikia ndiyo. Na mimi nilikuwa nimesimama pale pale, Mzee, nikanyamaza.

Nilimwambia mwenyekiti angoje nirudi kutoka Kisumu na mabati. Hakungoja. Niliporudi siku ya tatu nilikuta amewaamuru mafundi, nao wamepandisha ukuta mistari mitano ya matofali juu ya lenta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha. Mvua ilikuwa imenyesha mfululizo na ule udongo mweusi wa kwetu ukavimba. Nikaingia chumba cha kujifungulia. Ufa ulikuwa umeshuka kutoka juu mpaka dirishani. Niliweka vidole, vikaingia. Chini ya dirisha hilo ndipo tulipopanga kuweka kitanda.

 

Niliwaita wote watatu, nikachukua jembe, nikachimba kando ya ukuta mpaka pale msingi unapoishia. Haukufika hata kiunoni. Nikawaambia, "Huu ni wa vyumba viwili tu. Mzee angekuwa amewakubalia ghorofa, angechimba zaidi ya hapa."

Mwenyekiti alichungulia lile shimo. "Sasa mbona hakuniambia?"

"Hata mimi nilijua na sikukuambia," nikamjibu. "Nisamehe."



Tuliketi juu ya mbao, tukaandika kwenye daftari kile tunachojenga na kile kinachongoja. Mistari mitano ikabomolewa, ukuta wenye ufa nao ukabomolewa, tukaujenga upya. Chumba cha watoto kitajengwa peke yake, na msingi wake. Ghorofa imefutwa. Katekista alisaini palepale akasema watu watasali chini ya mti kama walivyozoea. Mwenyekiti alininunia wiki nzima, kisha akaja mwenyewe kuomba kalamu.

Juzi wodi ilipata mtoto wa kwanza, msichana. Nilikuwa nje nikipaka chokaa niliposikia analia, nikakaa chini na brashi mkononi. Nilikukasirikia wakati huo huo niliokushukuru. Kwa nini uliwabeba watu wote hao moyoni peke yako? Ndicho kilichokulemea? Sitajua kamwe.

Nakuahidi hili: mtu akiniomba kitu kisichowezekana, nitamwambia hapana siku hiyo hiyo, mbele ya wenzake, na tutaandika. Nitamwambia kwa upole, kama wewe. Lakini nitamwambia.

Oriti, kwaheri, Mzee wangu. Lala, watu wako wako salama.

Akinyi