Tranka la Daktari Upendo

Chamazi, Dar es Salaam

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta kifua kimeacha kukubana na baridi ya Lupembe imepungua makali. Huku tunalowa jasho, ila hatujambo. Shangazi naye mzima, na kila siku ananiuliza kama kaka yake bado amenuna. Namjibu kwamba amenuna.

Nimeandika kwa sababu nikipiga simu unampa mama. Lakini mwalimu hawezi kushika karatasi yenye mwandiko asiisome, hata kama ni ya mtoto mkaidi.

Baba, najua nilikuumiza. Nafasi yangu ya udaktari ilipotoka ulitoa shukrani kanisani, ukanunua tranka, ukaliandika kwa rangi kwa mkono wako mwenyewe: DKT. UPENDO. Nikaja kwa dada yako kusubiri chuo kifunguliwe, na siku za kuthibitisha nafasi zikapita sijathibitisha. Nilikwambia nataka mwaka mmoja wa kupumua, ukaniuliza kama Lupembe hakuna hewa. Ukweli ni kwamba niliogopa. Tangu darasa la nne unaniita daktari, na sikujua kama naupenda udaktari au nakupenda wewe tu.

Shangazi hakuniacha nikae bure. Alinipeleka kwenye zahanati anakouguza, nikawa najitolea kliniki ya watoto: napokea kadi, nawaning'iniza watoto kwenye mizani, naandika kilo. Wiki ya pili nikafanya kioja. Dada mmoja, mwenyeji wa hapa pwani, alileta mtoto aliyenawiri. Kwa furaha nikapaza sauti, "Jamani, mtoto mnene huyu! Anawashinda wote leo!" Akina mama wote wakanigeukia. Yule mama akamtoa mwanawe kwenye mizani, akamfunga kanga, akaondoka bila chanjo.

"We mtoto! Watu wa hapa humsifii mtoto wao bila kusema mashallah," shangazi akanong'ona. "Wanaogopa kijicho. Hata mie nilikuwaga hivyohivyo nilipofika."

Kutwa nzima nilimuwaza yule mtoto. Je, akipata surua kwa sababu ya mdomo wangu? Kesho yake tukawafuata kwao. Alitupokea bibi yake mtoto, akanitazama toka juu hadi chini.

"Ndo wewe uliyemnadi mjukuu wangu kama nyanya za sokoni?"

Nikapiga magoti kama tunavyofanya kwetu, nikaomba radhi. Akacheka mpaka akajishika kiuno. "Nyanyuka, mwanangu. Mie sina kinyongo. Mkwe wangu ndo ana hofu, kamsubiri huyu mtoto miaka."

Jumatatu yule mama akarudi. Nikampima mwanawe, nikasema mashallah taratibu, akatabasamu, chanjo ikachomwa. Nikaenda kujificha nyuma ya stoo nikalia kwa raha. Hapo ndipo nilipojua kwamba kazi hii naitaka mimi, hata kama usingeniita daktari siku moja maishani.

Ningekwenda mwaka jana, baba, ningekwenda kwa miguu yako. Wewe mwenyewe hutuambia: kawia ufike. Dirisha la maombi likifunguliwa naomba tena, chaguo langu la kwanza ni lilelile. Najua naweza kukosa, na najua hilo ndilo linalokukosesha raha. Hata mimi linanitisha.

Lakini kuna jambo linaniuma zaidi. Mama ameniambia kwamba ukiulizwa kanisani unasema niko chuo. Wewe, mzee wa kanisa! Najua unanisitiri, ila nasikia aibu kwamba unadanganya kwa ajili yangu.

Tranka lako liko hapa chini ya dirisha. Lile neno la mwanzo nimelifunika kwa kitambaa alichonipa mama, linaonekana jina tu. Sijalifuta. Nawe nisaidie kulifunika kwa muda. Jumapili wakikuuliza, sema, "Yuko Chamazi, anapima watoto."

Mpe bibi salamu yangu ya kamwene, mwambie nimeanza kula pweza asishtuke. Msalimie mama, na mdogo wangu Baraka aache kuvaa sweta langu. Mama mchungaji naye mpe salamu, nikijua atakuuliza niko wapi.

Ukishamjibu, nipigie. Ukiniita Upendo tu, nitaitika.

Mwanao,
Upendo