Wamekuja Kukutafuta Kariakoo

Mjomba, shikamoo.

Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya gunia la viazi, lori lingine bado halijafika. Wapanda milima wamekuja Kariakoo kukutafuta wewe, wakanipata mimi.

Matanga yako yalipoisha, ukoo ulinikalisha mkekani ukanirithisha jina lako, kama desturi yetu kwa mtoto wa dada. Basi Bwana Rashidi, mkubwa wa wapanda milima hawa, na wenzake walipofika kijijini wakiuliza aliko Mzee Nyange wa njia ya msituni, waliambiwa yuko Dar es Salaam, anabeba mizigo sokoni. Hakuna aliyedanganya. Nyange sasa ni mimi.

Wanaitaka njia ile ile, ya nyuma ya maporomoko, inayokata mianzi na kupanda ukingo wa mawe hadi kileleni. Nilimwambia Bwana Rashidi ukweli wote, kwamba aliyekuwa akipitisha watu kule tumemzika, na mimi ni mpwa wake tu. Hakujali. Alisema, "Nyange, sisi si wageni wa milima. Kilimanjaro tumefika juu. Wewe tuonyeshe njia tu, miguu tunayo."

Miguu wanayo, na hilo ndilo linanitia hofu. Ulikuwa ukisema mgeni asiyejua mlima ukisimama naye husimama, lakini mzoefu atakupita akaangalie mwenyewe. Na pale kwenye ukingo, ukungu ukishuka, mtu akipita mbele hana pa kukanyaga.

Na mimi je? Nimepita kule nawe mara nyingi, lakini kila mara mzigo uko kichwani, shingo imekaza, macho chini. Nilichokiona ni visigino vyako. Mizizi naijua, jiwe linalocheza nalijua. Ila wapi ulikata kulia, wapi uliiacha mianzi... sikuona, Mjomba. Wewe ulikuwa mbele, nami niliridhika.

Njia yenyewe nayo si ile. Watu wa juu wameteremshwa wote, wanakaa kijiji cha ujamaa kando ya barabara. Hakuna anayepita tena kule kufuata kuni wala kwenda msibani ng'ambo. Mama alinitumia salamu kwa dereva wa lori la kabichi kwamba hata mlango wa njia umezibwa na miiba.

Usingizi umenipotea. Nikiwa na gunia Mtaa wa Msimbazi, nikiteleza kidogo tu kwenye maganda, naona korongo la mlimani chini yangu. Saidi, mwenzangu wa mkokoteni, anasema nikatae, kwani nani kaniambia kurithi jina ni kurithi na miguu. Lakini nikikataa watakwenda wenyewe. Bwana Rashidi ameshasema hivyo, kwa upole, na namwamini.

Leo asubuhi nimempa jibu. Nitakwenda, ila sibebi kitu, hata kibuyu cha maji. Kila mtu na chake. Saidi alicheka mpaka akauachia mkokoteni. "Hamali mzima anapanda mlima mikono mitupu. Wewe ndugu yangu, si watakubeba na wewe?" Bwana Rashidi alidhani nataka ukubwa, akakubali huku ananitazama vibaya kidogo. Sikujieleza. Nataka shingo yangu iwe huru. Safari hii nataka kutazama.

Bado naogopa, nisikufiche. Lakini nakuahidi hili: pale nitakapokosa hakika, sitabahatisha. Nitakaa chini katikati ya njia, nyembamba vile ilivyo, asinipite mtu, hata wakinitukana. Huenda wakarudi bila kukiona kilele na jina lako likachekwa mjini. Utanisamehe. Afadhali waseme Nyange ni mwoga kuliko niwapelekee mama zao maiti.

Pumzika, Mjomba. Tukishuka wote, nitapita kaburini kung'oa magugu kabla sijarudi kazini.

Mimi, mwana wa dada yako.