Nilivyoukosa Udiwani wa Likombe

Likombe,
Mtwara.
20 Novemba, 1983

Mpendwa Kaka Athumani,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Korogwe, wewe na wifi na watoto, na kwamba kile kifua kimeacha kukusumbua. Sisi hatujambo. Mama sasa anatembea bila mkongojo. Mikorosho imezaa kidogo, na sabuni tunaisikia kwa majirani tu.

Uliniuliza habari za uchaguzi. Kaka, nimeshindwa, kwa kura thelathini na nane. Nimechelewa kukujibu kwa sababu kila nikishika kalamu hasira zinanipanda.

Unajua nilichogombea: bomba. Tangu mwaka juzi halitoi hata tone, na wanawake wa huku tunateremka bondeni na ndoo. Mwezi wa tano jirani yangu Hadija, mimba yake ikiwa na miezi saba, aliteleza kwenye mteremko ule, akampoteza mtoto. Wiki ile ile nikachukua fomu.

Chama kilitubakiza wawili, mimi na Filipo, karani wa bandarini. Yeye alipewa alama ya jembe, mimi nyumba. Utaratibu ni kwamba wagombea mnapanda gari moja, mnahutubia mkutano mmoja, kila mtu dakika kumi. Mnapangwa kwa herufi za majina, basi Filipo anatangulia kila mara, na mimi Zainabu nafuata.

Mkutano wa kwanza alisema habari za umoja na kilimo. Mimi nikasema bomba, nikasimulia yaliyompata Hadija. Akina mama wakajifuta machozi kwa kanga. Mkutano wa pili Filipo akasimama na maneno yangu yale yale: bomba, bonde, ndoo. Akasema, "Jirani yangu Hadija alipoteza mtoto." Jirani yake wapi? Hata mlango wa Hadija haujui. Zamu yangu ilipofika, mzee mmoja akaniambia, "Mama, hayo tumeshayasikia."

Nilimlalamikia msimamizi. Akanijibu, "Shida za wananchi si mali ya mgombea." Mikutano miwili iliyobaki ikaenda hivyo hivyo.

Lakini aliyeniumiza zaidi si Filipo. Hadija alinijia asubuhi moja nikimenya mihogo. Nilimpa kigoda, hakukaa.

"Zainabu, nani aliyekuruhusu kumtangaza mwanangu?"

Nikaanza kumweleza habari za Filipo. Akanikatiza. "Filipo simjui. Habari hiyo aliisikia kwako." Akaondoka.

Nilijiona ninamsaidia, na sikuwahi hata kumwuliza. Tangu siku ile tunapishana njia ya bondeni na haitikii salamu yangu. Hilo linanikera kuliko kura zote nilizokosa, maana hapo sina wa kumlaumu.

Juzi Filipo alikuja nyumbani. Aliniomba nimwandikie maelezo ya bomba ayapeleke kwenye kikao cha kwanza cha halmashauri, kwa kuwa hajui hata limekatika wapi. Nilitaka kumfukuza. Nikakumbuka ndoo, nikakaa, nikamwandikia kurasa mbili na kumchorea njia ya bomba. Alipozisoma akauliza, "Mbona habari ya Hadija haimo? Ndiyo inayogusa watu."

Nikamwambia, "Hiyo kamwombe mwenyewe."

Alikunja karatasi akaenda zake, hata asante hakusema. Kama kwa Hadija amekwenda, sijui. Mimi bado natafuta namna ya kubisha hodi pale.

Mpe wifi Rehema salamu zangu, na Ismaili umwambie bibi yake anamwulizia. Mama anakuombea afya na kazi yenye heri, na mimi naitikia amina. Ukipata likizo njoo, nyumba imepwaya bila wewe.

Mdogo wako akupendaye siku zote,

Zainabu