Masaa Yangu Manane na Chakula cha Jioni cha Mama Wanjiru

Jumanne, mwezi wa saba. Ruiru imefunikwa na mawingu tangu alfajiri, na yapo yale manyunyu ya Julai ambayo hayanyeshi wala hayaachi. Situlii. Nimekaa, nimesimama, nimefungua dirisha, nimelifunga. Nimeanza kuandika haya mara mbili nikaacha.

Wanaonisoma kila wiki wanajua kwamba tangu Aprili nakula kwa saa maalum. Kwa mgeni, nieleze, maana kueleza ndiyo kazi niliyoifanya darasani miaka thelathini na minne, na bado sijapona. Huambiwi uache ugali wala chapati. Unachagua masaa manane katika siku, unakula ndani ya hayo tu, halafu mdomo unafungwa isipokuwa kwa maji. Mwili ukikaa muda mrefu bila kuletewa chakula, unamaliza sukari iliyo karibu, kisha unaanza kuchota kwenye mafuta uliyojiwekea. Si mpango wa kila mtu. Anayetumia dawa za kisukari asijaribu kabla ya kumwona daktari wake. Mimi nilipimwa na nesi wa kliniki moja kule Thika, akaniona nafaa, akaniambia nichague masaa.

Nilichagua saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni. Kwa nini hayo? Kwa sababu napenda chai ya asubuhi na nduma, yale majimbi yetu. Sina sababu nyingine. Niliandika ratiba kwa kalamu nyekundu nikaibandika ukutani jikoni, na mke wangu, Mama Wanjiru, aliiona ikiwa tayari imebandikwa.

"Haiya, Mwalimu," alisema, "na kengele utagonga wewe ama nigonge mimi?"

Nilicheka. Nilidhani amekubali.

Na mpango umenifaa, sitadanganya. Nilikuwa kilo mia moja na sita, sasa ni tisini na saba. Nafunga kamba za viatu bila kuzuia pumzi. Nalala usiku mzima. Mwezi uliopita kliniki walinipa karatasi ya maswali kuhusu hali yangu ya maisha: usingizi, maumivu, furaha, watu wa nyumbani. Niliweka alama ya "nzuri sana" kila mahali, juu hadi chini, kama mwanafunzi anayetaka kutoka mapema.

Kilichonisumbua ni jioni tu. Saa kumi ikishapita, miguu inaanza kutafuta kazi. Naenda langoni, kwenye tangi la maji, kwenye mparachichi, narudi langoni. Harufu ya kitunguu kikikaangwa ilikuwa mateso. Kwa hiyo nikaanza kutoka. Saa kumi na mbili navaa koti, natembea hadi kwenye reli na kurudi, na nikifika nyumbani jikoni kumeshasafishwa.

Sikuwahi kuuliza yeye amekula nini.

Jumapili, baada ya ibada, Mama Kamau wa kikundi cha akina mama alinisimamisha mbele ya wenzake. "Mwalimu, wewe unapungua na tunafurahi. Lakini huyu naye mbona anaisha? Ama umemfungia kabati?"

Wakacheka wote, na mimi nikacheka. Halafu nikamtazama mke wangu akiwa amesimama pale juani. Sketi yake ya kanisani ilikuwa imekunjwa kiunoni na kushikwa kwa pini. Nikakumbuka kwamba wiki iliyopita alishika ukuta akitoka bafuni, nami nikamweleza kwa kirefu jinsi baridi inavyoathiri mzunguko wa damu.

Miezi mitatu napanda kwenye mzani kila asubuhi, na mtu ninayeamka kando yake sikumwona.

Hata hivyo sikumuuliza siku hiyo. Kiburi, nadhani. Jana mvua ilinirudisha kabla sijafika kwenye reli. Niliingia kwa mlango wa nyuma. Jiko lilikuwa limezimwa, hakuna sufuria juu yake. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, kikombe cha chai ya rangi mkononi, kipande cha mkate gotini, redio ikiongea peke yake.

"Umekula nini?"

"Si hii unayoiona."

"Na chakula?"

"Nimpikie nani?" Hakukasirika. Alisema kama mtu anayeulizwa saa. "Baba Wanjiru, mimi nikishika mwiko, sahani ya kwanza ni yako. Ukaniambia nisiiweke. Sasa nianze na ya nani?"

Hapa lazima nieleze tena, na safari hii sifurahii kueleza. Kule Gatundu tulikolelewa, mama wa nyumba hujipakulia wa mwisho. Sehemu ya mzee hutengwa kwanza na kufunikwa, hata kama yuko safarini. Kwake si sheria ya kuandikwa. Mkono wenyewe umezoea hivyo. Mwezi wa Aprili, wiki mbili za kwanza, aliendelea kuniwekea. Nilikuta sahani yangu mezani imefunikwa kwa sahani nyingine, na mimi, kwa njaa na hasira, nikamwambia, "Unanijaribu?" Nilimwambia akitaka kunisaidia aache kabisa kunipakulia.

Akaacha. Na kwa kuwa sahani yangu haikuwepo, yake pia haikuwepo. Anameza vidonge vyake vya presha kwa chai na mkate tangu wakati huo.

Nilimwita mjaribu. Naandika neno hilo ili lisinipotee.

Leo asubuhi nilimpigia nesi simu. Nikamweleza mke wangu anavyokula na alivyoshika ukuta, kisha nikamuuliza kama masaa yanaweza kusogezwa. Alicheka.

"Mwalimu, si nilikuambia uchague pamoja na watu wa nyumbani? Sogeza. Na kesho kutwa umlete mama, hiyo kizunguzungu yake siipendi."

Aliniambia, ni kweli. Niliisikia ile sehemu ya masaa manane, hiyo nyingine ikanipita.

Basi sasa ni saa tano asubuhi hadi saa moja jioni. Asubuhi imekuwa ndefu. Saa mbili tumbo lilidai nduma, saa tatu likadai tena, na nikamkemea paka asiye na kosa. Nilimwambia Mama Wanjiru kwamba jioni nitakuwa mezani. Aliendelea kuchambua maharagwe.

Saa kumi na mbili na nusu alipakua githeri ya mahindi na maharagwe, na kabichi. Yangu kwanza. Kisha akajipakulia yake, akaketi. Nikafurahi kama nimepasi mtihani. Akala vijiko vinne, akasukuma sahani.

"Tumbo limezoea," alisema.

"Jaribu kidogo tu."

"Usiniangalie hivyo, mimi si karatasi ya kusahihishwa."

Tulicheka, yeye kidogo kuliko mimi. Nilimaliza sahani yangu nzima mbele ya yake iliyobaki, na sikumbuki chakula kizito kama hicho.

Nikamwambia kuhusu nesi na Alhamisi. Alisema atafikiria, akaondoka kuosha vyombo, na sasa namsikia huko akivipanga polepole kuliko kawaida.

Naweza kukueleza saa kwa saa mwili wangu unafanya nini bila chakula. Wake sijui. Sijui mtu aliyezoea kutokula anarudi vipi, wala inachukua muda gani. Jioni ya kesho nitakuwa mezani kabla sufuria haijateremshwa. Kama ni vijiko vinne tena, viwe vinne, nami nitakuwepo. Na Alhamisi nataka yeye ndiye apimwe, mimi nikae kwenye benchi na koti lake.

Lakini kwa nini akubali kupelekwa kliniki na mtu aliyechukua miezi mitatu kumtazama?